Teke Dogo, Mnyama Mkubwa: Jinsi Ninavyochagua Risasi za Kuwindia Elki

Kila mwaka, majibu ya bahati nasibu ya vibali vya kuwinda yanapotoka hapa Colorado, baadhi ya jamaa zetu wanaozungumza Kiswahili, ambao hawajawahi kuwinda elki, hunipigia simu kuniuliza wanunue bunduki gani. Wengi huwa wamekwisha kupita dukani kabla ya kunipigia, na huko wameambiwa kwamba elki ni mnyama mgumu, kwamba hafi kwa risasi ndogo, na kwamba mtu asiyetaka kujuta achukue .300 Winchester Magnum au hata .338, yaani bunduki za risasi kubwa zenye baruti nyingi (namba hizo hukadiria upana wa risasi kwa sehemu za inchi). Mwaka jana kijana mmoja kutoka Bukavu, anayefanya kazi ya kukata nyama kiwandani upande wa Greeley, aliniambia, "Mukubwa, wamenieleza kama sina Magnum nibaki tu nyumbani." Ninamjibu yeye na wengine kwa kirefu hapa, kwa sababu ninaamini ushauri ule unawaumiza watu mabega kwa teke, yaani pigo la bunduki inaporudi nyuma, na, jambo linalonigusa zaidi, unawaumiza wanyama bila kuwaua.

Kwa wasiomjua, elki, ambaye pia huitwa wapiti, ni mnyama wa jamii ya kulungu anayeishi katika milima ya magharibi ya Marekani na Kanada, na Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la nchi hii. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 300, na jike huwa na kilo 225 hivi, uzito unaokaribia ule wa punda milia. Ana kifua kipana, mfupa mzito begani, na pumzi za mnyama anayeishi kwenye mwinuko wa mita 3,000. Akipigwa vibaya, tuseme tumboni, anaweza kutembea kilomita kadhaa, kuvuka bonde moja na la pili, na kwenda kufia ndani ya msitu mnene mahali ambapo mwindaji hatampata. Wauzaji wa bunduki hawasemi uongo wanapomwita mgumu. Kosa lao liko kwenye kile wanachomshauri mteja afanye kuhusu ugumu huo.

Risasi ya bunduki ya kuwindia huua kwa kutoboa. Inapopita katika mapafu yote mawili, damu humwagika ndani ya kifua, mapafu hushindwa kujaa hewa, shinikizo la damu inayokwenda kwenye ubongo huporomoka, na mnyama huanguka baada ya sekunde chache, mara nyingi akiwa ameshakimbia mita 30, 50 au hata 100. Hakuna risasi inayopigwa kutoka begani, iwe ndogo au kubwa, inayomsukuma elki na kumwangusha kwa uzito wa pigo lake. Lau ingekuwa na msukumo wa namna hiyo, mpigaji naye angeanguka chali, kwa kuwa msukumo unaotoka mdomoni mwa mtutu ndio unaorudi kwenye kitako. Elki aliyetobolewa mapafu na risasi yenye upana wa milimita 7 hufa kama yule aliyetobolewa na yenye milimita 8.6. Aliyepigwa utumbo na hiyo ya milimita 8.6 huenda zake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mtu anaweza kuiweka risasi mahali pake. Elki anapokuwa amesimama ubavu, eneo la moyo na mapafu yake lina upana wa sentimita 35 hivi, nalo liko nyuma tu ya mguu wa mbele, katika nusu ya chini ya kifua. Kwa mtu aliyekaa kwenye benchi ya uwanja wa shabaha, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, eneo hilo ni kubwa sana. Mlimani mambo ni mengine. Mwindaji ameanza kupanda tangu saa kumi alfajiri, anahema kwa sababu hewa ni nyembamba, vidole vimeingia ganzi kwa baridi, ameegemeza bunduki kwenye begi au kwenye tawi la mti, na mnyama aliyemtafuta mwaka mzima amesimama mbele yake na anaweza kuondoka wakati wowote. Ukiongeza juu ya hayo hofu ya teke la bunduki, mwili huchukua hatua kabla ya akili: jicho hufumba, bega husukuma mbele, kidole huikwapua triga badala ya kuivuta polepole, na risasi huenda isikotakiwa.

Jambo hili nililiona wazi kwa jirani yangu, bwana mwenye mwili mkubwa na mwindaji wa muda mrefu, tulipokwenda pamoja kwenye uwanja wa shabaha mwezi wa Agosti. Alikuwa na .338 Winchester Magnum iliyotengenezwa nyepesi kwa ajili ya kubebwa milimani, na matundu kwenye karatasi yake yalikuwa yametawanyika chini na kushoto. Alikuwa na hakika kwamba darubini imelegea. Nilimwomba aniruhusu niwe namjazia bunduki mimi bila yeye kutazama, mara nikiweka risasi ya kweli, mara risasi bandia isiyo na baruti. Zamu ya ile bandia ilipofika, alivuta triga, pini ikagonga kwa mlio mdogo wa chuma, na mtutu ukazama upana wa kiganja huku uso wake wote ukiwa umekunjamana. Hapakuwa na teke lolote, lakini mwili wake ulikuwa umeshalipokea. Alilaza bunduki juu ya meza akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba sasa amewaelewa wale elki wawili aliowapoteza. Msimu uliofuata alikwenda mlimani na 7mm-08 ya binti yake, bunduki ya risasi ndogo zaidi, na ile .338 imebaki kabatini.

Ukubwa wa teke unaweza kukadiriwa kwa hesabu. Bunduki yenye uzito wa kilo 3.6, darubini ikiwa juu yake, ikipiga risasi ya 7mm-08 Remington ya greni 140, hurudi begani kwa nishati ya joule 18 hivi. (Greni ndicho kipimo cha uzito kinachoandikwa kwenye maboksi ya risasi hapa Marekani, greni 15 na nusu zinakaribia gramu moja.) Bunduki ya uzito uleule ikipiga .300 Winchester Magnum ya greni 180 hurudi kwa joule kama 37, yaani mara mbili na zaidi. Upande wa pili wa mtutu, risasi ya 7mm-08 hutoka na joule 3,300 hivi na ile ya .300 hutoka na joule 4,700 hivi. Mpigaji, basi, analipa teke mara mbili ili apate ongezeko lisilofika nusu, na ongezeko lenyewe linaishia kwenye kilima kilicho nyuma ya mnyama, kwa sababu risasi zote mbili, zikitengenezwa vizuri, hutoboa kifua cha elki zikatokea upande wa pili.

Nikizungumzia risasi za teke dogo, ninazo chache akilini. Ipo 7mm-08 yenyewe, iliyoingia sokoni mwaka 1980, ambayo ni ganda la .308 Winchester lililobanwa shingo. Zipo za milimita 6.5: ile ya Wasweden, 6.5×55, ya mwaka 1894, .260 Remington ya mwaka 1997, na 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo siku hizi inapatikana hata kwenye duka la vifaa vya shamba katika mji mdogo, jambo ambalo si dogo pale sanduku lako la risasi linapopotea safarini. Ipo 7×57 Mauser ya mwaka 1892, na ipo .308 yenyewe, ambayo teke lake limezidi kidogo lakini bado linavumilika. Wazee wa hapa wameua elki wengi kwa .30-30 ya mwaka 1895, ingawa hiyo naiona ni ya msituni, kwa umbali usiozidi mita 130 au 150.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayojaribiwa leo kwa mara ya kwanza kwa wanyama wakubwa. Nchini Sweden, 6.5×55 imetumika kwa zaidi ya karne moja kuwinda mnyama mwingine wa jamii hii, yule wa kaskazini mwenye pembe bapa aitwaye moose kwa Kiingereza, ambaye dume wake humzidi elki kwa uzito. Sheria ya Sweden kwa mnyama huyo inataka risasi yenye uzito wa angalau gramu 10 iwe bado na joule 2,000 katika umbali wa mita 100, au yenye angalau gramu 9 iwe na joule 2,700. Risasi ndefu ya greni 156 inayopigwa na 6.5×55 ina gramu 10.1 na hutimiza sharti hilo. Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni utaratibu wa jirani zao wa Norway. Huko mtu anayetaka kuwinda wanyama wakubwa hufanya mtihani wa shabaha kila mwaka: kwanza mazoezi ya risasi 30, kisha risasi tano kutoka mita 100, na zote tano lazima ziingie ndani ya duara la sentimita 30. Akikosa, harudi msituni mpaka apite. Laiti Colorado ingekuwa na sheria kama hiyo. Ingeokoa elki wengi kuliko Magnum zote zilizopo madukani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kuwa wamesikia habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hata wenzake wakamwita "Karamojo" Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7×57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Siyataji mauaji yale kwa kuyasifu. Ninamtaja kwa sababu jina lake huletwa kila mara kwenye mjadala huu, na mara nyingi huletwa vibaya. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi mnyama akitazamwa kutoka kila upande, na alitumia risasi ngumu zilizofunikwa chuma pande zote, zenye kwenda moja kwa moja bila kupanuka. Risasi za aina hiyo hazifai kwa elki na haziruhusiwi kwa elki hapa Colorado. Kinachoweza kuchukuliwa kwake ni ile kazi ya msumeno, yaani kumjua mnyama kwa ndani kabla ya kumpiga. Anayedhani kwamba 7mm ina miujiza kwa sababu iliua tembo hajasoma habari hiyo mpaka mwisho.

Nimegundua pia kwamba jamaa zetu wanaotoka nyumbani huja na fikra ya bunduki kubwa kwa sababu inayoeleweka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo Wakenya wengi hawajaona bunduki ya kuwindia kwa karibu, na Watanzania waliofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji wanajua kwamba kwa nyati na tembo kanuni zinadai .375. Sharti hilo ni la haki, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa humgeukia mtu, na wakati huo mtu anahitaji kitu cha kuvunja mfupa wa mbele akiwa na sekunde mbili tu. Elki hamgeukii mwindaji. Elki hukimbia, na hasara inayotokana na risasi mbaya anaibeba yeye peke yake.

Sheria ya Colorado yenyewe iko chini sana kuliko wanavyodhani watu wa dukani. Bunduki iwe na mtutu wenye kipenyo cha angalau .24 ya inchi na urefu wa angalau inchi 16, risasi iwe ya kupanuka, kwa elki iwe na uzito wa angalau greni 85, na iwe na nishati ya angalau futi-pauni 1,000 katika umbali wa yadi 100, sawa na joule 1,356 katika mita 91. Kwa maneno mengine, hata .243 Winchester inaruhusiwa. Mimi siishauri. Mtu mwenye mkono mtulivu na subira kubwa ataua elki kwa .243 mwaka hata mwaka, lakini anayeanza anahitaji nafasi kidogo ya kukosea, na risasi ya greni 100 ikigonga fundo la bega haimpi nafasi hiyo. Teke la 7mm-08 au 6.5 Creedmoor limezidi la .243 kwa kiasi ambacho hata kijana wa miaka kumi na minne huzoea baada ya siku moja uwanjani.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole, kwa kuwa anayechagua teke dogo amejifunga kuchagua kichwa cha risasi kwa uangalifu kuliko mwenye Magnum. Kichwa cha risasi cha kawaida ni risasi laini, yaani madini ya risasi yenyewe, iliyovikwa gamba jembamba la shaba. Kikigonga mnyama kwa kasi kubwa hufunguka upesi, hupoteza vipande, na wakati mwingine husambaratika juu ya mfupa bila kufika kwenye mapafu. Tatizo hili lilimkuta John Nosler mwaka 1946 huko British Columbia, risasi zake zilipofungukia nje nje kwenye mwili wa dume mkubwa wa moose aliyejaa matope, naye alikuwa akitumia .300 Magnum ya siku zile, si bunduki ndogo. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka na kupanuka, sehemu ya nyuma hubaki imefungwa na kuendelea kusukuma. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition, na hadi leo hakuna mwindaji wa elki asiyekijua. Baadaye vikaja vichwa ambavyo madini ya ndani yameunganishwa na gamba kwa joto ili visiachane, na tangu mwaka 1989 vipo vya shaba tupu vya Barnes, ambavyo hufunguka mbele kwa matawi manne na kubaki na karibu uzito wao wote.

Nyumbani kwangu tumehamia kwenye shaba tupu. Sababu ya kwanza ni watoto: madini ya risasi yakisambaratika hutawanya chembe ndogo ndani ya nyama, mbali na tundu lenyewe, na mimi sitaki kumlisha mtoto chembe hizo. California tayari ilikwisha kuyapiga marufuku kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, hasa kwa ajili ya kondori, ndege wakubwa wala mizoga, waliokuwa wakifa kwa kula mabaki yenye madini hayo. Sababu ya pili inahusu teke moja kwa moja. Kwa kuwa shaba haipotezi uzito, kichwa cha greni 120 katika 7mm-08 huingia ndani kama cha madini laini kilicho kizito kuliko hicho, na kadiri kichwa kinavyokuwa chepesi ndivyo bega linavyopumzika. Upungufu wake ni kwamba shaba inahitaji kasi ili ifunguke. Ikipungua chini ya mita 600 kwa sekunde mimi siiamini tena, na kwa hiyo umbali wangu una mpaka ambao siuvuki hata mnyama awe mzuri kiasi gani.

Kwa wanaonunua 6.5 Creedmoor nina onyo moja. Risasi hii ilibuniwa kwanza kwa mashindano ya shabaha, na nusu ya maboksi utakayoyaona dukani ni ya mashindano, yenye gamba jembamba lisilotengenezwa kwa ajili ya nyama na mfupa. Usiangalie uzito na bei peke yake. Soma boksi lote, na kama halisemi kwamba ni la kuwindia wanyama wakubwa, lirudishe kwenye rafu.

Jike wa elki niliyemwua msimu uliopita alikuwa umbali wa mita 190, juu ya mteremko wenye miti ya aspeni iliyokwisha kupukutisha majani, akiwa pamoja na wengine. Alikuwa amenielekea kwa mshazari, kifua mbele, na kwa muda mrefu sikupiga. Nilisubiri mpaka alipopiga hatua kulifuata jani la nyasi akasimama ubavu kamili, mguu wa karibu ukiwa umetangulia mbele na kuliacha wazi eneo la mapafu. Kwa kuwa bunduki ile hairuki, sikumpoteza kwenye darubini: niliona manyoya yakitikisika nyuma ya bega kama maji yaliyodondoshewa jiwe, nikamwona akikunja mgongo na kukimbia. Alikimbia mita 40 hivi, akasimama, akayumba, akalala. Tulipomchuna, tundu la kuingilia lilikuwa la upana wa ncha ya kidole kidogo, ubavu mmoja ulikuwa umevunjika, mapafu yote mawili yalikuwa yamepasuka, na upande wa pili ngozi ilikuwa na tundu la upana wa sarafu. Risasi ilikuwa imepita na kwenda zake. Nyama iliyoharibika haikujaa viganja viwili.

Kuiona ile risasi ikigonga ni faida ambayo watu hawaizungumzii, nami naiweka juu sana. Mwenye Magnum mara nyingi hupoteza picha kwenye darubini mara tu anapopiga, mtutu unaporuka juu, na anaporudisha macho elki wote wanakimbia na hajui aliyepigwa ni yupi wala amepigwa wapi. Mwenye teke dogo anajua. Anajua kama apige tena, anajua alama ya kwanza ya damu aitafute wapi, na anaweza kufungua na kufunga boliti bila kuinua shavu kutoka kwenye kitako.

Umbali, basi. Bunduki yangu ya 7mm-08 nimeiweka sawa kwa mita 180, na katika mita 275 risasi imeshuka kama sentimita 20. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huihamisha kama sentimita 15 katika umbali huohuo. Hesabu hizo mtu anaweza kuzibeba kichwani akiwa amechoka. Baada ya hapo kila mita 50 huleta kosa kubwa kuliko zile za kabla yake, na mimi husimama mita 275. Katika milima ya huku kuna vichaka, mabonde na miti, na mwindaji mwenye miguu anaweza karibu kila mara kujisogeza. Anayewinda kwenye nyanda zilizo wazi, ambako upepo hautulii na mnyama huonekana kutoka mita 450, ana sababu ya kutaka risasi yenye kasi zaidi, na kama anaweza kuipiga .300 bila kushtuka, mimi sina ugomvi naye. Watu wa namna hiyo wapo. Nimewaona, na karibu wote hupiga risasi nyingi kwa mwaka.

Namna mnyama alivyosimama nayo haibishaniwi. Kwa teke dogo ninakubali elki aliyesimama ubavu, na aliyegeuka kidogo akinipa mgongo, ambapo nalenga nyuma ya mbavu kwa kuufuata mguu wa mbele wa upande wa pili. Anayenitazama uso kwa uso namwacha ageuke. Anayeondoka akinipa makalio namwacha aende, na hilo ningelifanya hata kama ningekuwa na .338.

Bunduki yenyewe ina sehemu yake katika teke. Siku hizi watu hununua bunduki za kilo 2.5 ili wapunguze mzigo, kisha wanashangaa kwamba 6.5 Creedmoor inawapiga. Nishati ya teke huongezeka kadiri bunduki inavyopungua uzito, na nusu kilo huhisiwa begani. Kitako kiwe cha urefu wa mikono yako, hasa kwa wanawake na vijana, ambao mara nyingi hupewa bunduki zilizokatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Kuna vifaa vya kufungwa mdomoni mwa mtutu vinavyotawanya moshi wa baruti pembeni na kupunguza teke la Magnum kwa kiasi kikubwa, lakini sauti yake huumiza masikio ya mpigaji na ya mwenzake, na mlimani watu hawavai kinga za masikio. Sivitumii.

Kijana wa Bukavu alinunua 7mm-08 iliyokwisha kutumika, yenye kilo 3.5 pamoja na darubini, na tumekubaliana jinsi ya kufika Oktoba. Atanunua maboksi manne ya risasi za aina moja na toleo moja, kwa sababu bunduki hupeleka risasi za aina tofauti mahali tofauti. Risasi chache za kwanza atazipiga akiwa benchini ili kuiweka darubini sawa, halafu benchi tunaliacha. Zote zinazobaki atazipiga akiwa amekaa chini, amepiga magoti, au ameegemea begi lake, kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 22 iliyobandikwa katika mita 100, kisha 150, kisha 200, akiwa amepanda na kushuka ngazi za uwanja mpaka moyo uende mbio. Umbali ambao ataipiga sahani hiyo mara tano kwa tano akiwa anahema ndio utakaokuwa mpaka wake msimu huu. Wiki iliyopita alifika mita 150.